Mto wa Upande wa Mlangoni

Kamati siziwezi. Nikiona kina mama watano wamekaa mkekani na kalamu mkononi, natafuta njia ya kupitia uani. Hata hivyo ile kamati ya Lindi, iliyopamba nyumba nzima kwa Idd ili watu waingie kutazama kwa kiingilio, nimeshindwa kuisema vibaya miaka yote hii. Kila aliyehusika alikuwa na nia njema. Nimewapitia mmoja mmoja kichwani, nimewahoji kama hakimu, na kila mmoja namwachia. Hilo linaniuma kuliko kama kungekuwa na mwovu, kwa sababu mwovu ningemkasirikia nikalala.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani kwao na kukusanywa pamoja, na huko mbele ya Milola kulikuwa na kijiji kipya chenye zahanati mpya, kuta zimepigwa chokaa, bati linang'aa, lakini ndani hakuna kitanda hata kimoja. Wazazi walijifungulia sakafuni. Habari hiyo ilipofika mjini, kina mama wakaunda kamati. Karibu na soko kulikuwa na nyumba ya ghorofa iliyotaifishwa, mwenyewe ameshaondoka, na ofisi iliyopangiwa kuhamia humo ilikuwa bado haijahamia. Wakaiomba kwa mwezi wa Ramadhani na sikukuu yake. Shauri lao lilikuwa kila mtaa upewe chumba, ukipambe kama nyumba inavyopambwa kwa Idd, halafu kuanzia Idd mosi watu waingie watazame, na kiingilio kikanunue vitanda vya zahanati.

Leo ukiwaeleza watoto kwamba watu walipanga foleni siku ya Idd kwenda kutazama kitanda cha mtu mwingine, wanacheka. Hawaijui njaa tuliyokuwa nayo, na sisemi njaa ya chakula. Kitambaa cha pazia ulikuwa unasikia tu kwamba kimefika dukani, ukifika wewe kimekwisha. Sukari ilikuwa ya mgao. Rangi ya kupaka ukuta hata harufu yake tulikuwa tumeisahau. Mtu alikuwa na hamu ya kusimama mahali penye vitu vizuri vilivyopangwa vizuri, atazame, basi, arudi kwake.

Chumba kilichozungumzwa kuliko vyote kilikuwa cha dada yangu, na yeye hakukiona.

Dada hakujulikana mjini kwa uzuri wala kwa mali. Alijulikana kwa chumba. Wenye mabinti waliokaribia kuolewa walikuwa wakiwaleta kwake wakaone kitanda kinavyotandikwa: shuka lisiwe na kunyanzi, chandarua kifungwe juu pembe zote sawa, kitambaa cha kufuma kianguke mbele ya meza lakini kisipitilize. Alikuwa na kitanda cha samadari, kirefu kwenda juu, miguu ya kuchongwa na vioo upande wa kichwani, ambacho mumewe alikinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahama mji. Alikuwa na chetezo cha kufukizia udi, mrashi wa kunyunyizia marashi, kioo cha ukutani, sanduku la nguo lenye misumari ya shaba. Na alikuwa na mito miwili.

Foronya za mito hiyo alizitarizi mwenyewe alipokuwa mchumba. Kwenye kila moja kulikuwa na ndege wa uzi wa buluu. Ndege wa mto wa dada alitazama upande wa mlango, ndege wa mto wa mume alitazama ndani, kwa hiyo kitanda kikitandikwa wanaangaliana, midomo karibu igusane. Mume ndiye aliyelala upande wa mlangoni, kama waume wa kwetu wanavyolala, ili mwenye kuingia kwa ubaya amkute yeye kwanza. Dada hakufua foronya moja peke yake hata siku moja. Akitoa moja anatoa zote mbili, anazianika kamba moja.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la ushirika. Alikuwa akirudi kutoka bara mwili mzima vumbi, nyusi zimekuwa nyekundu, na dada anamzuia mlangoni mwa chumba: hakuna kukaa kitandani kabla ya kuoga. Yeye anabaki amesimama pale na ndoo yake ya maji, anatuuliza sisi tuliokaa barazani kwa sauti kubwa, "Jamani, hiki chumba cha wizara gani? Mbona kuingia mpaka kibali?" Alikuwa akisema hivyo kila safari, na kila safari nilicheka, nami si mwepesi wa kucheka. Nilimpenda sana shemeji yangu yule. Hawakujaaliwa mtoto, na sikuwahi kumsikia akilisema hilo.

Alikufa msimu wa ufuta. Lori lilikuwa limejaa magunia, likamshinda kwenye mteremko wa mchanga, likapinduka. Walimleta jioni. Hapohapo, kama desturi ya matanga, chumba kikavunjwa: kitanda kikafunguliwa na kuegemezwa ukutani, mapazia yakashushwa, kioo kikafunikwa, waombolezaji wakatandika mikeka kila mahali. Dada akaingizwa chumba cha uani kukaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nje, hajitii wanja wala manukato, havai nguo ya kupendeza. Akawa kizuka, kama tunavyomwita mjane aliye edani, na shangazi yetu mzee akaja kutoka Kiranjeranje kukaa naye. Mimi nilikuwa mwalimu Mingoyo, nikaja kila nilipopata nafasi.

Palepale matangani, kaka mkubwa wa marehemu alisema mbele ya wazee, kwa upole, kwamba eda ikiisha vitu vitagawanywa kisheria. Kwa kuwa hakukuwa na mtoto, nyumba ilikuwa inarudi kwa ndugu wa marehemu, na vitu vingi pia, kitanda kikiwa cha kwanza. Dada angechukua fungu lake na kurudi kwetu Kiranjeranje. Hakubisha. Sheria aliijua, na kaka yule hakuwa mtu wa dhuluma.

Basi Ramadhani ikaingia, dada bado yumo edani. Jioni moja tumemaliza kufuturu, mwenyekiti wa kamati akabisha hodi. Alikuwa shoga wa dada wa tangu usichana, walijifunza kufuma pamoja. Akamwamkia shangazi shikamoo, akakaa kwenye ukingo wa mkeka, akapindapinda pindo la buibui lake kwa muda.

"Shoga, nimekuja kukuomba nami naona haya," akasema. "Mtaa wetu tumepewa chumba cha kulala kule ghorofani. Naomba chetezo chako na mrashi tu. Vingine tutaokoteza."

Dada alikuwa anavuta tasbihi. Akaiweka chini.

"Chukua chumba kizima."

"Kizima vipi?"

"Kitanda, chandarua, mapazia, sanduku, kioo, vyote. Viko huko vimeegemezwa vinangoja mchwa. Ila kitandikwe kama kilivyokuwa hapa, shoga yangu. Usiniongezee wala usinipunguzie."

Mwenyekiti akajifuta macho kwa mtandio. Dada macho yake yalikuwa makavu. Tangu mumewe aingizwe ndani siku ile alikuwa hajalia kwa sauti, na shangazi alikuwa ameanza kuogopa.

Mgeni alipotoka tu nikamvaa. "Dada, una akili kweli? Vitu vya msiba vikachezewe na mji mzima siku ya Idd?"

"Havichezewi. Vinatazamwa."

"Kuna tofauti gani?"

Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mtu mkaidi. "Chumba changu kilivunjwa nikiwa nimefunikwa shuka gubigubi. Nilisikia nyundo tu. Sikukiona kikiondoka. Sasa eda ikiisha kitagawanywa, hiki kitakwenda kwa huyu, kile kwa yule, na vitu vile havitakutana tena duniani. Nataka kisimame mara moja tu. Kama si hapa, basi huko. Na wewe utakwenda ukanitazamie, kwa sababu mimi siwezi kutoka."

Siku mbili baadaye vijana wa mtaa wakaja na mkokoteni, wakabeba. Nilikuwa Mingoyo, kwa hiyo sikujua kwamba katika vitu vilivyobebwa mto mmoja haukuwamo.

Idd mosi nilikwenda baada ya chakula cha mchana. Mji mzima ulikuwa pale, kanzu na kanga mpya, na wasio na mpya wamezipiga pasi za zamani mpaka zinang'aa. Mwenyekiti wa tawi la chama alihutubia akiwa kwenye ngazi. Alisema ujamaa si kushindana kwa mapazia, na kwamba kitanda cha kamba kinalaza mtu vilevile. Akapigiwa makofi. Dakika chache baadaye alionekana ghorofani akibonyeza godoro la dada yangu kwa kiganja, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Chini kulikuwa na sebule. Viti vilivishwa vitambaa vyeupe vya kufuma, meza imejaa visheti, kaimati na tende, na bibi mmoja mwenye fimbo amekalishwa hapo kuzilinda dhidi ya watoto. Chumba kilichofuata kilikuwa cha watoto asubuhi ya Idd: vigauni vipya vimetundikwa ukutani, chini yake viatu vidogo vimepangwa jozi jozi. Watu walikipenda sana. Mimi nilikipita haraka. Halafu kulikuwa na chumba kilichoitwa cha kijamaa, chenye mkeka, jembe, mtungi, redio na picha ya Rais. Hicho kilikuwa na nafasi ya kutosha.

Foleni ya chumba cha dada ilianzia ngazini. Nilinusa udi kabla sijafika juu, udi wake, ule anaouchanganya mwenyewe na sukari na marashi. Nilipoingia nilitamani kugeuka nirudi. Kilikuwa chumba kilekile. Mapazia yaleyale ya kijani, chandarua kimefungwa pembe zote sawa, sanduku chini ya dirisha, kitambaa cha kufuma kimeanguka mbele ya meza bila kupitiliza. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amefanya kazi kwa kumbukumbu na hakukosea kitu. Niliangalia mlangoni, Mungu anisamehe, kana kwamba yule mwenye ndoo na vumbi atatokea kuuliza kibali.

Kisha nikaona mito. Upande wa ndani palikuwa na mto wa dada, ndege wake anatazama mlangoni. Upande wa mlangoni palikuwa na mto mweupe, mpya, hauna ndege wala ua. Ndege wa dada alikuwa anautazama mto ule mtupu mbele ya mji mzima, na watu wanapita wanasema mashaallah.

Nikamvuta mwenyekiti pembeni. "Mto huu umetoka wapi?"

"Wangu huo. Ulikuja mmoja tu, mwenzake nadhani ulianguka mkokotenini. Nilitafuta mpaka nikachoka. Sasa ningefanyaje? Kitanda cha mto mmoja siku ya Idd! Watu wangeona msiba, wakaanza kumsema mwenyewe. Nikaleta wangu, haujalaliwa."

Nilikuwa na neno kali tayari. Nilipomtazama usoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi, vidole vimechubuka kwa kufunga chandarua, nikalimeza.

Miguuni mwa kitanda alikuwa amesimama kaka mkubwa wa marehemu, amevua kofia, anajifutia machozi kwayo. Nikamwamkia.

"Marahaba, shemeji," akajibu. Akaendelea kukitazama kitanda. "Kitanda cha mdogo wangu hiki. Sasa huyu binti wa watu atavumilia vipi kukiona kikifunguliwa tena?"

Nilimwambia Mungu atampa subira. Nilidhani anasema tu, kama watu wanavyosema msibani.

Nilipofika nyumbani dada alikuwa amekaa wima ananingoja, hata hakuitikia salamu. "Anza mlangoni," akaniambia. Nikaanza mlangoni. Nikamwambia pazia limefungwa kwa utepe gani, mrashi umekaa upande gani wa chetezo, kioo kimeinamishwa kiasi gani. Alifumba macho. Nikikosea mpangilio ananisahihisha, "Hapana, kabla ya sanduku kuna kiti," nami nakumbuka kwamba kweli kuna kiti. Shangazi alikuwa ameacha kutafuna tambuu, anasikiliza. Tulitembea chumba kizima hivyo, mpaka tukafika kitandani.

"Na mito?"

"Ipo."

"Mingapi?"

"Miwili."

Akafumbua macho. Akaingiza mkono chini ya kanga iliyokuwa pembeni mwa godoro lake la chini, akatoa mto. Ndege wa buluu, anatazama ndani. "Wa mlangoni huu hapa," akasema. "Una harufu ya mafuta yake ya nywele. Walipokuja kubeba nilishindwa kuutoa. Huo wa pili wa nani?"

"Wa mwenyekiti. Ulikuja mmoja, akadhani mwingine umepotea. Mpya, haujalaliwa."

Dada akacheka. "Maskini shoga yangu," akasema, "kamtandikia marehemu mto mpya." Halafu kicheko kikageuka, akalia, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ameukumbatia mto, na shangazi akawa anampapasa mgongo anasema toa mwanangu, toa. Mimi nilitoka uani nikasimama karibu na mtungi wa maji. Nilimlilia yeye, na nilimlilia yule mtu wa kibali.

Aliponyamaza nikarudi. "Nipe niupeleke sasa hivi," nikamwambia. "Nitauweka mahali pake kabla ya magharibi."

"Hapana. Huu naupeleka mwenyewe. Eda yangu haina siku nyingi. Nitauweka, nitakitazama chumba changu kimekamilika, basi. Nikishamaliza hapo, na wagawe."

Nikarudi mbio kwa mwenyekiti nikamweleza yote. Aliweka mkono mdomoni niliposema habari ya mto. "Chumba hakiguswi mpaka mwenyewe aje," akasema. "Hata hao wenye ofisi wakija na meza zao nitakaa mlangoni." Nilimwamini, na alistahili kuaminiwa. Idd pili nikapanda gari nikarudi Mingoyo kufundisha.

Kilichotokea nyuma yangu nakisema sasa, kwa sababu mimi nilifichwa, na kufichwa sikupendi. Sikukuu iliisha. Vitanda vya zahanati vilinunuliwa kweli. Ofisi ikasema inataka nyumba yake. Vyumba vyote vikavunjwa, cha dada kikabaki, mwenyekiti akikilinda kama alivyoahidi. Siku moja akaja kaka mkubwa wa marehemu na mkokoteni.

Mwenyekiti alimwambia asubiri, mwenyewe anakuja. Kaka akamwambia, "Mama, nafanya haraka kwa ajili yake. Nikingoja atoke eda, atasimama aone kitanda cha mumewe kinafunguliwa. Mara moja haijamtosha? Acha akute nimeshamaliza. Fungu lake nimelitenga, sanduku na kioo vinakwenda Kiranjeranje kwa mama yake." Alikuwa analia akisema hayo. Na mwenyekiti, ambaye alikuwa amekwisha kumuumiza shoga yake kwa mto, aliogopa kumuumiza mara ya pili. Akawaza dada amesimama pale, nyundo zinagonga. Akatoka mlangoni, akawapisha. Mto wa dada ulikwenda pamoja na kitanda, umefungwa ndani ya chandarua.

Hakuna aliyekwenda kumwambia. Nani ampelekee kizuka habari mbaya siku zake za mwisho za eda? Shangazi aliisikia bombani, akarudi na ndoo yake akanyamaza. Mtaa mzima ulijua, tukabaki mimi na dada tu tusiojua.

Siku ya kutoka eda nilifika alfajiri. Wanawake wakamwogesha, nguo alizokaa nazo wakazitoa sadaka, wakamvika kanga mpya. Alikuwa amekonda, kanga ikawa inamzunguka zaidi ya inavyopaswa. Desturi ni kupita kwanza kwa jamaa kutoa salamu. Dada akasema jamaa watangoja. Akauchukua mto, akaufunga ndani ya kanga ya pili, akaukumbatia.

"Mwanangu, pumzika kwanza, jua kali," shangazi akasema.

"Nimepumzika miezi minne, shangazi."

"Basi kesho."

Nilimkasirikia shangazi. Nilimwambia kama amechoka abaki. Akatutazama tukitoka, amesimama mlangoni na mkono kichwani.

Dada alikuwa anafinya macho kwa mwanga. Alitembea polepole, anaangalia kila kitu: kuta, mbuzi, mafundi cherehani kwenye baraza zao. Watu walitoka kumlaki. "Umetoka, alhamdulillahi." "Mungu akupe heri mbele." Kisha kila mmoja aliutazama mzigo aliouchukua, na kila mmoja akainamisha macho chini. Niliona ni heshima. Mwenyekiti wa kamati tulimwona kwa mbali kwenye kona ya soko. Alisimama, akageuka, akaingia kwenye nyumba isiyokuwa yake.

Juu ya mlango wa ile nyumba ya ghorofa palikuwa na kibao kipya cha ofisi. Tulipanda ngazi. Dada alishika ukuta, na katikati ya ngazi akasimama kuvuta pumzi. "Sinusi udi," akasema. Nikamwambia wameacha kufukiza tangu sikukuu iishe, na ndivyo nilivyodhani.

Chumba kilikuwa na meza, mashine ya chapa, kabati la chuma na karani. Dirisha halikuwa na pazia. Karani, kijana mwenye adabu, aliinua uso. "Shikamooni. Karibuni. Mna shida gani?"

Mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kupiga kelele, sijui dhidi ya nani. Dada akanishika mkono. Akafungua kanga.

"Nimeleta mto," akasema.

Karani akautazama mto, akatutazama sisi, akaelewa anavyoweza yeye. "Aa, wa ile nyumba ya Idd? Michango ilishafungwa, mama. Vitu vyote vimechukuliwa na wenyewe. Mmechelewa."

"Tumechelewa," dada akasema. "Utuwie radhi kwa kukusumbua, mwanangu."

Nilidhani atageuka tuondoke. Akanigeukia mimi. "Kitanda kilikaa wapi?"

Nilimwonyesha kwa kidole. Kichwa huku, ukutani. Miguu kule. Upande wake wa ndani, pale penye kabati la chuma. Upande wa mlangoni ulikuwa hapo alipokaa karani.

"Nisogezee kiti kidogo, baba," dada akamwambia.

Yule kijana aliinuka, hakuuliza. Akakibeba kiti chake na kurudi nyuma mpaka dirishani. Dada akapiga magoti. Akatandaza kanga juu ya saruji, akauweka mto, akaunyoosha kunyanzi kwa kiganja, akaugeuza kidogo ili ndege atazame ndani, kwenye sakafu tupu ambapo mto wake yeye ungekuwa. Kisha akajisogeza, akakaa upande wake, ubavuni mwa kabati la chuma, miguu ameikunja, na akautazama.

Chini sokoni walikuwa wanapiga kelele za samaki. Karani alisimama na kiti chake mikononi, na hakukiweka chini mpaka dada alipouinua mto ule na kuufunga tena ndani ya kanga.